Boksi la Nusu Umeme

Bahili anayejificha hana faida kwa tapeli. Faida iko kwa bahili wa hadharani, na ndiyo maana asubuhi ile Injinia alisimama nje ya duka la dobi akatabasamu kwa upendo wa dhati, kama mtu aliyekutana na jamaa yake waliyepoteana naye zamani.

Ndani ya duka mteja alikuwa ameinama juu ya kaunta akikagua vifungo vya koti lake. Kabla hajafika kifungo cha mwisho, mwenye duka alinyoosha mkono akazima taa.

"Mama, sijamaliza," mteja alilalamika.

"Malizia kwa vidole. Vifungo havisomwi."

Huyo ndiye Mama Pasi, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene ya kazi, na mkono wake wa birika ulijulikana mtaa mzima. Friji ya nyumbani aliiuza siku alipogundua kwamba ina taa ndani. Mumewe aliapa kwamba taa ile huzimika mlango ukifungwa. "Umeingia humo ukaona?" Mama Pasi alimuuliza, na mjadala ukaishia hapo, pamoja na friji.

Injinia, kwa upande wake, hakuwa injinia. Tuliseme hilo mapema ili asije mtu akakilaumu chuo chochote. Alikuwa na koti jeupe, kalamu nne mfukoni, mita nzuri ya umeme yenye sindano, na kanuni mbili alizozipata kwa fundi mmoja kabla hawajakosana. Ya kwanza: chukua volti, gawanya kwa ampea, utapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyoubania umeme usipite. Ya pili: chukua volti, zidisha kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Ya kwanza aliitumia kila siku, maana ilisikika vizuri mbele za watu. Ya pili aliiweka akiba.

Na alikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la mizigo, la manjano, lenye godoro nyuma na pazia dirishani, na humo ndimo alimolala, alimopika na alimopanga mipango yake. Mji wowote aliouza bidhaa, gari lile lilimtoa kabla bili za mwisho wa mwezi hazijafika majumbani. Polisi hakuwaogopa sana. Alichoogopa ni kukaa mahali pamoja mpaka watu wamzoee na waanze kumuuliza maswali, na gari ndilo lililomkinga na balaa hilo. Angeweza kuuza koti, kalamu, hata mita. Gari, hapana.

Bidhaa yenyewe ilikuwa boksi la bati lenye waya mbili na kitaa cha kijani. Zamani ndani yake mlikuwa na mchanga tu, wa kuliongezea uzito wa kitaalamu. Kisha mwenye bucha mmoja akaleta mita yake mwenyewe, sindano ikakataa kushuka, na Injinia akalazimika kutoka dukani kwa kupitia dirishani. Tangu hapo aliutupa mchanga akaweka koili ya jiko kuukuu la umeme. Umeme ukipita kwenye koili ya boksi kwanza ndipo ufike kwenye kifaa, sindano ilishuka mpaka nusu. Kwa nini ilishuka? Alijua kwamba ukinzani umeongezeka. Zaidi ya hapo hakuhangaika, maana ilishuka, na wateja walipiga makofi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nguo ziko wapi?"

"Sikuleta nguo. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Msiba wa nani?"

"Bili yako ya umeme, mama."

Mama Pasi aliisimamisha pasi. Hakuna aliyewahi kumpa pole ya jambo lile, hata mumewe, na kwa sekunde moja macho yake yalilegea. Injinia aliona, akajua ameingia.

Mume, mzee mpole ambaye kazi yake dukani ilikuwa kupeleka nguo kwa baiskeli na kuulizia chai, alikuwa benchi la pembeni, karibu na birika la umeme. Injinia alilichukua lile birika kwa heshima akalijaza maji, akaliunga kwenye mita.

"Tazameni. Volti mia mbili arobaini. Mkondo, ampea nane. Mia mbili arobaini gawanya kwa nane?"

"Thelathini," alisema Mama Pasi bila kufikiri. Mtu wa namna yake haulizwi hesabu mara mbili.

"Thelathini! Omu thelathini za ukinzani. Mama, hilo ndilo jibu la mateso yako. Birika hili lina ukinzani mdogo mno, halibani kitu, umeme unapita tu unavyotaka. Sasa ona." Akamwaga yale maji, akajaza mengine ya baridi, akaliweka boksi katikati. Kitaa cha kijani kikawaka. Sindano ikateremka ikatulia kwenye nne. "Mia mbili arobaini gawanya kwa nne?"

"Sitini."

"Ukinzani umepanda mara mbili. Mkondo umeshuka nusu. Nusu, mama!"

Hapa ndipo kwa kawaida alipochomoa waya haraka, akapokea hela na kuaga. Alinyoosha mkono achomoe.

"Liache," alisema Mama Pasi. "Mzee anasubiri chai."

Injinia akaurudisha mkono. Mama Pasi alichukua shati kutoka kwenye rundo, akaanza kulinyoosha, na akaendelea kuzungumza bila haraka.

"Mwanangu, nimekuelewa. Lakini watu wa umeme hawanidai ampea. Wananidai wati. Kwa wati imekaaje?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Ikabidi aitoe kanuni ya pili akibani. Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika kiganjani, huku akitafuta uongo wa kumsogezea mama endapo hesabu ingemuumbua. Mia mbili arobaini mara nane: wati elfu moja mia tisa na ishirini. Mia mbili arobaini mara nne: mia tisa na sitini.

Akarudia. Mia tisa na sitini.

Ndugu msomaji, tutulie kidogo kwa heshima. Mwizi akivunja nyumba halafu agundue kwamba ameachiwa urithi nyumba hiyohiyo, hujisikia kama Injinia alivyojisikia pale. Ilikuwa nusu. Nusu ya kweli! Miaka yote alikuwa akiwauzia watu boksi na kuwatoroka, kumbe boksi linafanya kazi! Alijiona mgunduzi aliyejionea haya bila sababu, na machozi yakamlenga.

"Mbona umebadilika?" aliuliza Mama Pasi, akichukua shati jingine.

"Ni... ni furaha ya kazi, mama. Mia tisa na sitini. Nusu kamili."

"Chai vipi?" aliuliza mzee.

"Baba watoto, subiri. Mtaalamu anazungumza."

Wakazungumza. Mama Pasi aliuliza habari za vyuo, za baridi na za uchumi. Mzee aliuliza habari za chai. Birika lilinguruma kwa mbali. Rundo la mashati likapungua upande wa kushoto likaongezeka upande wa kulia, na mwishowe mvuke ukatokea, ukiwa umechoka kama waliousubiri. Mama Pasi akalitazama boksi, akalisogelea, akaweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi. Akamimina chai.

"Nalitaka," alisema. "Lakini silinunui."

"Mama, bei inazungumzika."

"Sizungumzii bei. Wewe unasema nusu. Mimi nakuamini kuliko unavyojiamini. Basi kuanzia leo umeme wote wa duka hili ulipe wewe. Mimi kila mwezi nitakupa robo tatu ya bili niliyozoea. Wewe, kwa boksi lako, utalipa nusu. Robo inayobaki ni yako, mwanangu, na umelala."

Injinia wa jana angecheka akaondoka. Lakini huyu alikuwa Injinia wa leo, mwenye mia tisa na sitini kiganjani. Robo ya bili kila mwezi, kutoka duka hili, halafu duka la pili, halafu mtaa mzima! Alijaribu kukunja uso ili aonekane anatafakari, akashindwa.

"Umeme wote wa duka?" aliuliza, akihofia mama asije akakiacha kifaa kimoja nje ya mpango.

"Wote. Mzee, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mzee, akipuliza kikombe.

"Ila nyinyi wataalamu mna miguu myepesi," aliendelea Mama Pasi. "Niachie kitu cha dhamana. Lile gari pale nje ni la nani?"

Injinia aliligeukia gari lake. Moyo ulimkataza. Moyo ulimkataza kwa sauti kubwa kabisa, nusura mzee asikie. Lakini kiganja kilisema mia tisa na sitini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Injinia hakuwa akimdanganya mtu. Mtu mkweli anakimbia nini? Akatoa ufunguo, akauweka kaunta, na Mama Pasi akautundika kwenye msumari juu ya ubao wa pasi.

Injinia akapanga chumba mtaa wa nyuma, kwa mkopo. Kulala kwenye kitanda kisicho na magurudumu kulimsumbua mwanzoni, lakini alizoea kwa kupiga hesabu za robo. Mvua zikaanza. Siku moja Mama Pasi akampitia mlangoni, mwavuli mkononi.

"Injinia, nimeongeza vifaa kidogo. Unaweza kunitengenezea maboksi matano zaidi?"

"Hata kumi! Kadiri maboksi yanavyozidi, ndivyo tunavyookoa."

"Ndivyo nilivyomwambia mzee," alisema Mama Pasi.

Alitengeneza matano akiimba, akampelekea mpaka mlangoni. Mama aliyapokea pale pale, akamshukuru, akafunga mlango. Injinia hakuona ajabu. Aliona heshima.

Mwezi ulipoisha alifua koti jeupe, akaenda dukani kuchukua chake. Kutoka mbali aliona foleni. Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima, nguo za mtaa zilikuwa zinanuka unyevu kwenye kila dirisha, madobi wengine walikuwa wanawarudishia watu mashuka mabichi na maneno ya faraja. Kwa Mama Pasi watu walikuwa wakitoka na mafurushi makavu, ya moto moto, wakiyakumbatia njiani.

"Karibu, mwanangu. Robo tatu yako hii," alisema Mama Pasi, akampa kama walivyoafikiana, bila kupunguza. "Na bili yako hii."

Injinia aliisoma. Akaigeuza, akaisoma upande wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Akarudi mbele.

"Mama, wamekosea. Hii ni ya kiwanda."

"Hawajakosea."

"Ni mara nne ya bili yako ya zamani! Nusu iko wapi? Maboksi umeyaunga?"

"Yote sita. Njoo uone."

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kupendeza. Chini, juu ya matofali, yalipangwa majiko sita ya koili, kila moja na boksi lake lenye kitaa cha kijani, na juu yake kamba hadi kamba yalining'inia mashuka, mapazia, suruali na sare za shule. Koili za majiko hazikuwa nyekundu. Zilikuwa na moto wa wastani tu. Maboksi nayo yalikuwa na moto uleule. Hakuna nguo iliyoungua, na hakuna iliyokuwa na unyevu.

"Jiko likiungwa peke yake linachoma mashuka," alieleza Mama Pasi, akigeuza pazia. "Nilijaribu mwaka jana, nikalipa watu shuka zao. Likiungwa na boksi lako linatulia, na boksi nalo linatoa joto lake. Mungu akubariki, nimekaushia mtaa mzima."

Injinia alichomoa mita yake. Mkondo: ampea nne, sawasawa na alivyosema. Akapima volti kwenye jiko akitarajia mia mbili arobaini. Sindano ikasimama kwenye mia na ishirini.

"Na mia na ishirini nyingine imekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Pima boksi," alisema Mama Pasi.

Akapima boksi. Mia na ishirini. Akaokota kipande cha sabuni, akaandika ukutani: mia na ishirini mara nne, wati mia nne na themanini. Hizo za jiko. Mia na ishirini mara nne tena, mia nne na themanini. Hizo za boksi. Jumla mia tisa na sitini, kama alivyohesabu, na hakuna hata moja iliyookolewa. Zilikuwa zimegawanyika tu. Kifaa kilipata robo ya nguvu yake, na boksi lilikaa pembeni likila kiasi kilekile bila kazi yoyote.

"Kwa hiyo birika..." alianza.

"Birika langu linachemka nikimaliza mashati mawili," alisema Mama Pasi. "Siku ile, mwanangu, nilinyoosha manane. Nguvu umenikatia nusu, lakini muda umenipa mara nne. Nikajiuliza, hizi wati nyingine zinakwenda wapi? Nikaligusa boksi lako, likaniunguza kiganja. Nikaona mvua zinakuja."

"Ulijua! Siku ileile ulijua, ukanyamaza!"

"Wewe ndiye injinia. Mimi ningekufundisha nini?"

Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake kila mahali, akaikosa. Kilichompanda kilikuwa huzuni. Hakumlilia mama wala hela. Aliililia mia tisa na sitini. Kwa mwezi mmoja alikuwa mtu mkweli, na alikuwa amelala vizuri.

Akakumbuka gari. "Mama, nakuomba ufunguo. Bili nitaituma, nikifika—"

"Ukifika wapi?"

Hakuwahi kufika mahali. Mama Pasi, tuseme ukweli wake, alimhurumia, kwa kiasi ambacho hakikumgharimu.

"Sikiliza. Bili hii nitaibeba mimi, maana mvua hizi zimenilipa. Makubaliano yetu nayafuta. Wewe utaifidia kwa kazi: utanitengenezea maboksi, wafuga vifaranga wameanza kuulizia joto kama hili, la taratibu. Gari litanisaidia kupeleka nguo mpaka tumalizane, mzee amechoka na baiskeli. Ukimaliza, ufunguo wako huu."

"Na nikikataa?"

"Utakwenda kwa miguu, na mvua hii."

Hivyo ndivyo Injinia alivyopata benchi katika chumba cha nyuma, chini ya suruali za watu, akisokota koili. Watu wakaanza kumzoea. Wakamuuliza alikotoka, kama ana ndugu, kwa nini hajaoa. Kila mara gari lake la manjano lilipopita dirishani likiwa na mafurushi ya mashuka mahali pa godoro lake, alisimama akalitazama mpaka likate kona, kisha akakaa.

Mfuga vifaranga wa kwanza alikuja na ganda la yai kwenye mkono wa koti. Mama Pasi alimwonyesha benchi. "Zungumza na mwenyewe."

Injinia aliinua macho. Maneno matamu yote aliyokuwa nayo yalikuja mdomoni yakajipanga tayari, na akayafukuza. Alikuwa amechoka nayo. Akaamua kusema kweli, yote, potelea mbali kama mteja ataondoka na deni la Injinia libaki pale pale.

"Mzee wangu, boksi hili halipunguzi umeme. Linakula. Ndani yake mna koili ya jiko bovu, basi. Unachokipata ni joto, na joto hilo utalilipia mpaka wati ya mwisho. Bili yako itapanda. Hicho kitaa cha kijani hakina kazi yoyote, nilikiweka kwa ajili ya uzuri."

Mfuga vifaranga alimkodolea macho. Kisha akacheka polepole, akamnyooshea kidole.

"Nyinyi wajanja nawajua. Mtu akiiponda bidhaa yake hivyo, ujue hazimtoshi, anamwekea mkubwa fulani. Nipe matatu."

"Nakuapia, mzee, itapanda mara—"

"Matano! Na usinifiche mengine."

Mama Pasi tayari alikuwa ameingia, mkono mbele. Akapokea hela, akazihesabu, akazitia kifuani, na mfuga vifaranga akatoka mbio na maboksi yake kabla mtu hajabadili nia. Injinia alibaki ameshika koili, mdomo wazi. Hakuwahi kuuza haraka namna ile maishani mwake, na hela hazikuwa zake. Akaufikiria uongo wote alioutunga, miji yote aliyoikimbia na usiku wote aliolala na kiatu mguuni, akashika tama, akaona uchungu kwelikweli.